Maswali ya Daktari: Jinsi Magonjwa ya Ajabu Yanavyotambuliwa

Katika gazeti letu la muhula huu napenda kueleza jambo moja ambalo wengi wetu hulitazama juu juu tu. Mgonjwa aliyezidiwa afikapo hospitalini, naye ana ugonjwa usio wa kawaida, daktari huujuaje? Tena humtibuje kabla hajaujua? Watu wengi hudhani kwamba hospitalini kuna mashine moja ambayo ikitiwa damu ya mgonjwa, mara hutoa jina la ugonjwa. Sivyo hata kidogo. Kila kipimo hujibu lile kiliulizwalo tu. Kipimo cha malaria huonyesha malaria; hakiwezi kusema kwamba mtu ameumwa na nyoka au amekula mahindi yenye sumu. Kwa hiyo daktari hana budi kujua kwanza atafute nini, na hayo hawezi kuyajua ila kwa kuuliza.

Jambo hili latuhusu sana sisi wa Magole. Twakaa kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma, mahali ambapo njia ya Turiani huchepuka. Wazee wetu wengine ni wakulima wa mahindi na mpunga, na wengine ni wafugaji. Mvua zikizidi, mito hufurika na maji huingia majumbani, kama ilivyokuwa Januari 2014, mafuriko yalipokata barabara kuu huko Dumila na kuwaacha watu wengi bila makazi. Penye mashamba, mifugo, panya na maji ya mafuriko, magonjwa huwa ya namna nyingi. Lakini mengi huanza kwa namna moja: homa, kichwa kuuma, na viungo kulegea. Sisi nasi tumezoea kuyaita yote malaria.

Kabla ya kueleza habari za maswali, yafaa nieleze kwanza kazi ya dharura yenyewe. Mtu asidhani kwamba daktari hungoja ajue jina la ugonjwa ndipo aanze kutibu. Akingoja hivyo, mgonjwa atamfia mikononi. Kazi mbili hufanywa pamoja: kuzuia mauti, na kutafuta chanzo. Katika kuzuia mauti kuna utaratibu ambao hufundishwa ulimwenguni kote. Kwanza hutazamwa njia ya hewa, kama koo limezibwa na ulimi, matapishi au damu. Pili hutazamwa kupumua, kama kifua chapanda na kushuka vizuri na kama mwili wapata hewa ya kutosha. Tatu hutazamwa mzunguko wa damu: mapigo ya moyo, presha, na damu inayotoka. Nne hutazamwa fahamu, kama mgonjwa aitika akiitwa. Tano mgonjwa huvuliwa nguo na kutazamwa mwili mzima, maana alama mbili ndogo za meno ya nyoka zaweza kujificha chini ya suruali. Kila kasoro ionekanayo hutengenezwa papo hapo kabla ya kuendelea mbele. Asiyepumua vizuri hupewa oksijeni, na aliyeishiwa maji au damu hutiwa mshipani.

Katika hatua ya fahamu kuna kipimo kimoja kidogo chenye faida kubwa mno, nacho ni kipimo cha sukari katika damu. Tone moja la damu ya kidole latosha, na jibu hupatikana mara moja. Mtu ambaye sukari yake imeshuka sana huweza kutokwa jasho, kusema maneno yasiyo na maana, kupigana na watu, kushikwa na degedege au kuzimia. Watu husema amelewa, au amepandwa na pepo. Kumbe ubongo wake una njaa. Akitiwa sukari mshipani, mara nyingi hufumbua macho baada ya dakika chache tu na kuuliza yuko wapi. Akicheleweshwa, ubongo huweza kuharibika asipone kabisa. Watoto wadogo wenye malaria kali hupatwa na hali hii, na pia wagonjwa wa kisukari waliotumia dawa bila kula. Ndiyo sababu kila mtu asiye na fahamu hupimwa sukari, hata kama watu wote wanaapa kwamba wanajua kinachomsumbua.

Ujuzi huu wa matibabu ya dharura, kama fani ya pekee, bado ni mchanga nchini kwetu. Mwaka 2010 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara kubwa ya magonjwa ya dharura, na mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilianza kufundisha madaktari bingwa wa fani hiyo. Lakini mgonjwa wa kijijini haanzii Muhimbili. Huanzia zahanati, ambako kuna tabibu mmoja au wawili, dawa chache na vipimo vichache. Huko ndiko maswali yanakohitajika zaidi.

Sasa tutazame maswali yenyewe. Homa ilianza siku gani? Nani mwingine nyumbani anaumwa? Unafanya kazi gani? Umelala wapi majuma haya mawili? Umekula nini, na chakula kilihifadhiwa wapi? Je, umechinja mnyama, umemzalisha, au umekula nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe? Umeingia katika maji ya madimbwi? Umepulizia dawa shambani? Umekwisha kunywa dawa gani, ya dukani au ya mitishamba? Mtu asiyejua hukasirika akiulizwa hivi, akasema, “Mimi nimekuja kutibiwa, sikuja mahakamani.” Lakini kila swali katika haya ni mlango wa ugonjwa mmoja au zaidi.

Uzito wa jambo hili ulionekana wazi katika uchunguzi uliofanywa Moshi, katika hospitali za KCMC na Mawenzi, na kutangazwa mwaka 2013. Walichunguzwa wagonjwa 870, watoto na watu wazima, waliolazwa kwa sababu ya homa. Hapo mwanzo wagonjwa 528 kati yao, yaani zaidi ya nusu, waliandikiwa kwamba wana malaria. Baada ya damu zao kupimwa kwa makini, waliokutwa na malaria kweli walikuwa 14 tu. Wengine walikuwa na magonjwa ambayo majina yake hatuyasikii vijijini, na mengi kati ya hayo hutokana na wanyama, panya na kupe. Wasomaji wasinielewe vibaya. Moshi si Kilosa. Huku kwetu malaria ipo, tena huua, na kila mwenye homa hana budi kupimwa upesi. Nisemalo ni kwamba kipimo kikionyesha hakuna malaria, safari ya kutafuta ndiyo kwanza imeanza. Tena mtu aliyezoea kuumwa na mbu huweza kuwa na vimelea vichache vya malaria katika damu huku ugonjwa unaomlaza ni mwingine.

Nitaeleza mifano mitatu iliyotokea kweli, ili tuone jinsi swali linavyofungua njia.

Mfano wa kwanza ni wa hapa hapa mkoani kwetu, nao ni homa ya Bonde la Ufa. Virusi vyake vilitambuliwa kwanza Kenya, karibu na ziwa Naivasha, na habari zake zilitangazwa mwaka 1931. Mbu wa namna fulani hutaga mayai katika udongo wa mabonde, na mayai hayo hukaa katika udongo mkavu kwa miaka mingi bila kufa. Mvua kubwa ijapo, mayai huanguliwa, na mbu wengine huzaliwa wakiwa na virusi tayari. Huwauma ng’ombe, kondoo na mbuzi, na mimba za wanyama hao hutoka kwa wingi. Kutoka kwa mifugo ugonjwa huwapata watu kwa kuumwa na mbu, na zaidi kwa kugusa damu na kondo za wanyama wagonjwa, au kwa kutumia nyama na maziwa mabichi. Mwishoni mwa mwaka 2006 mvua zilikuwa nyingi mno katika Afrika ya Mashariki. Ugonjwa ulianza Garissa, nchini Kenya, na mwanzoni mwa 2007 ukaingia kwetu. Watu 511 katika mikoa 10 ya Tanzania walishukiwa kuwa nao, maabara ilithibitisha 186, na waliofariki walikuwa 144. Mikoa ya Dodoma na Morogoro ilikuwa miongoni mwa iliyoumia zaidi.

Wengi wapatao ugonjwa huu hupata homa ya kawaida wakapona. Wachache hutokwa damu puani na tumboni, au ubongo huvimba, au macho huharibika. Dawa ya kuua virusi hivyo haijathibitishwa. Tiba ni kuushikilia mwili mpaka ujishindie wenyewe, yaani maji, damu, oksijeni, na kulinda figo. Dawa kama aspirini huepukwa, kwa kuwa huzidisha kutoka damu. Tazameni basi faida ya swali moja: “Mifugo yenu inatupa mimba?” Jibu likiwa ndiyo, daktari hujua la kutafuta, wauguzi hujikinga, na bwana mifugo huitwa kabla mji mzima haujaugua.

Mfano wa pili ni wa Ruangwa, mkoani Lindi, Julai 2022. Watu walifika kituo cha afya wakiwa na homa, kichwa kuuma, mwili kuchoka, na damu kutoka puani. Hofu ilienea nchi nzima. Walipimwa Ebola, hapana, Marburg, hapana, Uviko, hapana. Tarehe 18 Julai 2022 Waziri wa Afya alitangaza kwamba ugonjwa umejulikana. Ulikuwa homa ya mgunda. Wagonjwa walikuwa 20, na watatu walikuwa wamefariki. Neno mgunda katika lugha kadhaa za Kibantu maana yake ni shamba, na jina hilo lafaa sana, kwa sababu bakteria wa ugonjwa huu hukaa katika mkojo wa panya na wanyama wengine. Mkojo huingia katika maji ya mashamba na madimbwi, na bakteria hupenya katika ngozi yenye mikwaruzo. Mkulima wa mpunga asimamaye ndani ya maji kutwa nzima miguu mitupu yu karibu sana na hatari hiyo. Si ugonjwa wa Lindi peke yake. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, hapa Morogoro, wamewachunguza bakteria hao kwa miaka mingi katika panya na mifugo, hata aina moja iliyopatikana ikapewa jina la Sokoine.

Hapa jina la ugonjwa ni dawa tosha. Homa ya mgunda hutibika kwa dawa za kawaida kama penisilini na doksisaiklini, ambazo si za gharama kubwa, ikiwa zitaanzwa mapema. Ikiachwa, huweza kuharibu figo, ini na mapafu. Mtu aweza kufa akiwa na dawa za malaria mfukoni, na dawa ya kumponya ikiwa kabatini katika zahanati ile ile, kwa sababu tu hakuna aliyeuliza habari za maji na panya, au aliyeulizwa hakusema.

Mfano wa tatu si homa ya wadudu wala virusi, bali ni chakula. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walianza kuumwa tumbo, kutapika, kuvimba tumbo na kuwa na macho ya manjano. Wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. Chanzo kilikuwa sumukuvu, yaani sumu itengenezwayo na kuvu wanaoota katika mahindi na karanga zisizokauka vizuri. Miaka kumi na miwili kabla ya hapo, mwaka 2004, sumu hiyo hiyo iliwapata watu 317 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, na 125 wakafa. Sumukuvu huharibu ini, na kuipika hakuiondoi. Haina dawa ya kuivunja. Tiba kubwa ni kuacha chakula kile mara moja na kuusaidia mwili. Alama ya kumzindua daktari ni kwamba wanaougua ni wale wanaokula chungu kimoja. Swali la kuokoa nyumba nzima ni hili: “Mahindi mnayokula yalivunwa lini, na yalikauka?” Bila swali hilo, mgonjwa huruhusiwa kwenda nyumbani, naye hurudi kwenye unga ule ule.

Huenda msomaji akauliza, je, mgonjwa asiyeweza kusema? Hapo daktari huuliza mwili wenyewe. Tuchukue mtu aliyeokotwa shambani jioni, mguu umevimba, hajui ameumwa na nini. Daktari huchukua damu kidogo, huitia katika kijaribio cha kioo kilicho safi na kikavu, hukisimamisha dakika 20 bila kukitikisa, kisha hukiinamisha. Damu ya mtu mzima wa afya huwa imeganda. Damu hiyo ikitiririka kama maji, ni dalili kubwa kwamba sumu ya nyoka imekwisha kuharibu uwezo wa damu kuganda, ingawa nyoka hakuonekana. Kipimo hiki hakihitaji umeme wala mashine. Hata maabara yetu ya shule ina vijaribio vya namna hiyo. Kope zikianza kuanguka na mgonjwa akashindwa kumeza, basi sumu ni ya kulegeza misuli, kama ya koboko, na hapo kupumua hulindwa kwanza. Dawa ya sumu ya nyoka iko hospitalini. Kuchanja, kunyonya jeraha au kufunga kamba kwa nguvu huongeza madhara. Jambo la kufanya ni kuutuliza mguu usitikisike na kumfikisha mgonjwa upesi.

Kadhalika mtu akifika akitokwa mate mengi, jasho, machozi, kifua kikikoroma, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, daktari hufikiri habari za dawa za kuulia wadudu mashambani. Baadhi ya dawa hizo hupenya hata katika ngozi. Mgonjwa huvuliwa nguo, huoshwa kwa maji na sabuni, na hupewa atropini ambayo hupingana na sumu hiyo. Ndugu wakileta chupa ya dawa yenyewe, kazi huwa nyepesi mara dufu.

Sasa twafika kwenye kiini cha maneno yangu. Mara nyingi jibu la kweli halipatikani kwa sababu ya haya na hofu. Mzazi huogopa kusema kwamba ng’ombe alikufa mwenyewe na nyama ikagawanywa, asije akaambiwa ni mroho. Mwingine huficha kwamba amempa mtoto mitishamba, asije akagombezwa mbele za watu. Mwingine huficha habari za sumu kwa kuogopa polisi. Nasi tuseme kweli, wakati mwingine swali huulizwa kwa ukali, na swali la ukali huzaa jibu la uongo. Kwa hiyo wito wangu una pande mbili: anayeuliza aulize kwa upole, na anayeulizwa aseme kweli.

Sisi wanafunzi tuna kazi yetu ya pekee katika jambo hili. Likizo zifikapo, wengi wetu ndio tunaowasindikiza babu na bibi zetu zahanati. Wengine wao husema Kikaguru au Kimasai vizuri zaidi kuliko Kiswahili, na sisi ndio wakalimani. Basi tusiseme tu, “Bibi ana malaria.” Tuchukue karatasi ya daftari tuandike: siku homa ilipoanza, dalili zilivyofuatana, dawa alizokunywa na saa alizozinywa, kazi aliyofanya, chakula alichokula, na hali ya mifugo na majirani. Tuchukue na chupa au paketi za dawa. Karatasi kama hiyo haigharimu kitu, nayo yaweza kumwokolea daktari nusu saa, na nusu saa katika dharura ni uhai. Tena tukirudi nyumbani na dawa, tuangalie dalili za hatari: kutokwa damu, macho ya manjano, mkojo kupungua, kupumua kwa shida, kuchanganyikiwa, au degedege. Mojawapo ikitokea, tusingoje dozi iishe. Turudi siku ile ile, ikiwa usiku, basi usiku.

Na kwa kuwa kinga ni bora kuliko tiba, tuwakumbushe wazee wetu kwa adabu kuchemsha maziwa, kutokula mzoga, kuvaa mabuti katika majaruba, kuanika mahindi juu ya turubai mpaka yakauke sawasawa, na kufunika vyakula panya wasivifikie.

Wahenga walisema, mficha maradhi, kilio humuumbua. Zamani labda walifikiri juu ya yule afichaye kidonda chake. Siku hizi naona methali hii yamfaa pia yule asemaye ugonjwa wake lakini akaficha habari zake. Daktari hodari kuliko wote hawezi kulijua shimo la panya lililo chini ya kitanda chetu, wala ng’ombe aliyekufa juzi nyuma ya zizi letu. Hayo twayajua sisi, na ni juu yetu kuyasema.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV,
Magole, Kilosa.